Hospitali ya India Ikikukosea: Namna ya Kuandaa na Kufungua Shauri la Fidia kwa Mgonjwa Aliyetoka Afrika Mashariki

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Kumlinda Mlaji ya India ya mwaka 2019 kinaagiza kwamba malalamiko yasikilizwe kwa misingi ya viapo vya maandishi na nyaraka zilizowekwa kwenye jalada. Mgonjwa aliyetoka Tanga, Mombasa au Bujumbura kwenda kutibiwa Chennai, Hyderabad au Delhi, kisha akarejea na madhara anayoamini yametokana na uzembe, asiipite sentensi hiyo haraka haraka, kwa sababu ndiyo inayomfaa na ndiyo inayoweza kumwangusha. Inamfaa kwa kuwa hatalazimika kupanda ndege kila shauri linapotajwa. Inamwangusha kwa kuwa jambo ambalo halikuandikwa, au liliandikwa likabaki hospitalini, halitakuwepo mbele ya tume ya walaji, chombo kinachosikiliza malalamiko hayo, hata kama yeye na ndugu zake wanalikumbuka neno kwa neno. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu karatasi, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe inatakiwa ifanyike kabla ya safari ya kurudi nyumbani.

Hatua ya kwanza: pima madai yako kwa kipimo cha mahakama

Matokeo mabaya peke yake si uzembe. Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Jacob Mathew dhidi ya Jimbo la Punjab la mwaka 2005, ilithibitisha kipimo kilichorithiwa kutoka shauri la Bolam la Uingereza la mwaka 1957, kwamba daktari hawi mzembe iwapo alifuata utaratibu ambao madaktari wenzake wenye ujuzi wa fani ile wanaukubali, hata kama wapo wengine ambao wangechagua njia tofauti. Kwa hiyo daktari wa nyumbani akikwambia kwamba yeye asingefanya upasuaji ule, hilo halijatosha; swali ni kama hakuna daktari makini wa fani hiyo ambaye angeufanya vile ulivyofanywa.

Anza kwa kuandika, kwenye karatasi moja na kwa maneno yako mwenyewe, daktari alipaswa kufanya nini, alifanya au aliacha kufanya nini, na ni madhara gani yaliyotokana na hilo moja kwa moja. Hilo la tatu ndilo huangusha wengi. Mgonjwa wa kisukari ambaye kidonda chake cha upasuaji kilioza ataambiwa kwamba kilichokiozesha ni sukari, na asipokuwa na vipimo vya sukari vya siku zile pamoja na kumbukumbu za lini bandeji ilifunguliwa na nani, hatakuwa na la kujibu. Yapo makosa yanayojieleza yenyewe, kama shashi au mkasi uliosahauliwa tumboni, na kwa hayo mahakama haihitaji mtaalamu wa kuyafafanua. Lakini hayo ni machache.

Kosa ambalo wagonjwa wetu hulisahau ni la ridhaa. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua shauri la mwanamke wa miaka 44 aliyelazwa ili achunguzwe tumbo kwa kamera. Akiwa bado kwenye nusu kaputi, mama yake mzazi aliyekuwa akisubiri nje aliombwa atoe ridhaa, na mgonjwa alipozinduka alikuta ameondolewa mfuko wa uzazi na ovari. Mahakama ilisema kwamba ridhaa ya uchunguzi si ridhaa ya upasuaji, na kwamba mama hawezi kumridhia binti aliye mtu mzima mwenye akili timamu pale ambapo hakuna dharura na angeweza kusubiriwa azinduke. Fidia aliyopewa ilikuwa rupia 25,000 tu, na daktari akanyimwa ada yake. Lakini kanuni iliyowekwa ni kubwa kuliko fedha hizo. Kwa mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri, ambaye fomu ya ridhaa ilisainiwa alfajiri na shemeji aliyemsindikiza, hapo pana hoja ya kuichunguza: ni nani aliyetafsiri, na je, saini ya mkalimani ipo?

Lazima pia uwe "mlaji" machoni pa sheria. Tangu uamuzi wa shauri la Chama cha Madaktari cha India dhidi ya V.P. Shantha, mwezi Novemba 1995, huduma ya matibabu inayolipiwa imehesabiwa kuwa huduma chini ya sheria ya walaji. Hospitali inayotibu watu wote bure haimo, lakini pale ambapo wengine hulipa na wengine hutibiwa bure, hata yule aliyetibiwa bure anaweza kulalamika. Aliyelipiwa na bima au na mwajiri pia yumo, na sheria inamtambua mnufaika wa huduma iliyolipiwa na mtu mwingine, jambo linalomhusu mgonjwa aliyepelekwa kwa gharama za serikali au za mfuko wa bima wa nchi yake. Sheria haisemi kwamba mlaji awe raia wa India. Baada ya sheria mpya ya 2019 baadhi ya madaktari walijaribu kujitoa, kwa hoja kwamba neno "matibabu" halikutajwa ndani yake. Mahakama Kuu ya Bombay iliikataa hoja hiyo mwaka 2021 na Mahakama ya Juu nayo ikaikataa mwaka 2022. Mei 2024, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba mawakili hawamo katika sheria hii, ilipendekeza uamuzi wa 1995 uangaliwe upya, lakini Novemba mwaka huohuo jopo la majaji watatu likaona hakuna haja. Wakili wa hospitali akikutisha kwamba mambo yamebadilika, hayajabadilika.

Hatua ya pili: hesabu miaka miwili, na usiihesabu kwa upendeleo

Kifungu cha 69 cha sheria hiyo ya 2019 kinatoa miaka miwili tangu sababu ya madai ilipozuka. Tume inaweza kupokea malalamiko yaliyochelewa ikiwa kuna sababu ya kutosha, lakini sababu hiyo itaandikwa, itapingwa, na mara nyingi ndiyo itakayokuwa vita ya kwanza ya shauri.

Wengi hudhani kwamba saa inaanza kuhesabika siku walipogundua kosa. Shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2010 linaonyesha hatari ya dhana hiyo. Muuguzi mmoja alifanyiwa upasuaji wa mawe ya nyongo mwaka 1993, akaishi na maumivu ya tumbo miaka mingi, mwaka 2002 akafanyiwa upasuaji mwingine na shashi ikatolewa tumboni, kisha akafungua malalamiko mwaka 2004. Mahakama ilikubali kwamba kwa kosa lililojificha muda unaweza kuanza siku ya kugundulika, lakini ikasema kwamba mtu aliyekuwa na maumivu muda wote huo, tena muuguzi, alipaswa kurudi kwa daktari aliyempasua na kutafuta chanzo mapema zaidi. Malalamiko yakatupwa kwa kuchelewa, pamoja na shashi yake. Hesabu miaka yako miwili kuanzia dalili ya kwanza iliyopaswa kukushtua, na kila unapokwenda hospitali ya nyumbani kwa tatizo hilo hakikisha daktari anaiandika tarehe na malalamiko yako kwenye faili.

Hatua ya tatu: toka hospitalini na jalada lote

Mgonjwa wa kawaida hurudi na bahasha kubwa ya plastiki yenye picha za MRI, kurasa mbili au tatu za muhtasari wa kuruhusiwa, na orodha ya dawa. Muhtasari huo uliandikwa na hospitali, baada ya tukio, ili kusimulia matibabu kama hospitali inavyotaka yasimuliwe. Utasoma humo kwamba hali ya mgonjwa wakati wa kuruhusiwa ilikuwa nzuri na kwamba kipindi baada ya upasuaji kilipita bila matatizo. Ukweli wa saa kwa saa uko kwingine: kwenye kumbukumbu za wauguzi, ambapo mtu wa zamu ya usiku aliandika kwamba saa nane homa ilipanda na daktari alipigiwa simu, kwenye karatasi ya daktari wa nusu kaputi, kwenye chati ya dawa zilizotolewa na saa zake, na kwenye maelezo ya upasuaji yenyewe.

Haki ya kuzipata ipo. Kanuni za Maadili ya Madaktari za mwaka 2002 zinamtaka daktari atunze kumbukumbu za mgonjwa aliyelazwa kwa miaka mitatu, na mgonjwa au msindikizaji aliyeidhinishwa akiziomba, ombi lipokelewe rasmi na nyaraka zitolewe ndani ya saa 72. Mwezi Agosti 2023 Tume ya Taifa ya Tiba, inayosimamia taaluma ya udaktari India, ilitangaza kanuni mpya za kuchukua nafasi ya hizo, lakini wiki chache baadaye ikazisimamisha na kuzirejesha za 2002, kwa hiyo anayekwambia kwamba saa 72 zimefutwa anasoma tangazo ambalo halikudumu hata mwezi. Miaka mitatu ya kutunza kumbukumbu nayo ikumbukwe. Nyaraka zikishateketezwa kihalali, hakuna tume itakayozifufua.

Ombi liwe la maandishi, kwa Kiingereza, likielekezwa kwa msimamizi wa tiba wa hospitali, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa. Maudhui yake yasizidi haya: "Nililazwa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani kwa namba fulani ya mgonjwa. Naomba nakala kamili ya jalada langu la kulazwa, zikiwemo fomu za ridhaa, maelezo ya upasuaji, karatasi za nusu kaputi, kumbukumbu za madaktari na wauguzi za kila siku, chati za ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), majibu ya vipimo vyote, na mchanganuo wa bili. Nipo tayari kulipa gharama ya kudurufu." Usiandike kwamba unakusudia kushtaki. Ofisi ya wagonjwa wa kimataifa ikikuahidi kutuma kila kitu kwa barua pepe baada ya kusafiri, washukuru, na bado subiri nakala yenye muhuri. Saa 72 zikipita bila jibu, ombi lako lenye muhuri litakuwa kielelezo kizuri dhidi yao.

Aliyewekewa goti bandia, nyonga bandia au stenti (kijibomba cha kutanua mshipa wa damu) atafute lebo. Kipandikizi hufika thieta, yaani chumba cha upasuaji, kikiwa na vibandiko vidogo vyenye jina la mtengenezaji, ukubwa, namba ya toleo na mara nyingi namba ya kifaa chenyewe, na kibandiko kimoja hubandikwa kwenye jalada la upasuaji. Dai nakala yake. Bila lebo huwezi kuthibitisha ulichowekewa, wala kumuunganisha mtengenezaji katika shauri, ingawa sheria ya 2019 imeweka sura nzima ya dhima ya bidhaa yenye kasoro. Lebo pia inasaidia kukagua bili, kwa kuwa serikali ya India iliweka ukomo wa bei za stenti mwezi Februari 2017 na za magoti bandia mwezi Agosti mwaka huo.

Stakabadhi zote ziwe za hospitali na ziwe kwa jina la mgonjwa. Hapa ndipo madalali wa matibabu wanapotuponza: familia humkabidhi mtu dola taslimu uwanjani, yeye akalipa hospitali kiasi anachokijua mwenyewe, na mwisho hakuna karatasi inayoonyesha mgonjwa alilipa nini. Mazungumzo ya WhatsApp na dalali au na ofisi ya hospitali yasifutwe, na simu yenyewe itunzwe. Sheria ya ushahidi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, iitwayo Bharatiya Sakshya Adhiniyam, inadai cheti maalumu kwa ushahidi wa kielektroniki katika kifungu chake cha 63. Tume za walaji hazifungwi na kanuni za ushahidi kwa ukali wa mahakama, lakini ni salama zaidi wakili akiandaa cheti hicho tangu mwanzo.

Ikiwa mgonjwa amefariki, kuna uamuzi mgumu unaopaswa kufanywa ndani ya saa chache. Mwili unaosafirishwa kwenda Afrika Mashariki hutiwa dawa ya kuuhifadhi, na dawa hiyo huharibu sehemu ya ushahidi ambao uchunguzi wa maiti ungeutoa. Familia yenye shaka ya kweli iombe uchunguzi kabla ya hapo, kwa maandishi. Najua ni jambo zito kwa watu wanaotaka kuzika haraka, na kwa Waislamu hasa. Lakini bila uchunguzi chanzo cha kifo kitabaki kile kilichoandikwa na hospitali kwenye cheti. Hospitali kuzuia maiti kwa sababu ya deni ni kinyume cha Hati ya Haki za Wagonjwa iliyoandaliwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya India. Hati hiyo yenyewe si sheria, ila kuitaja kwa jina mbele ya uongozi wa hospitali husaidia.

Usibaki India kinyume cha viza kwa ajili ya kufuatilia karatasi. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 mambo ya wageni yanaongozwa na Sheria ya Uhamiaji na Wageni ya mwaka 2025, iliyofuta ile ya wageni ya 1946, na kukaa baada ya viza kuisha ni kosa. Kama matibabu ya kurekebisha madhara yanaendelea, omba nyongeza mapema kwa mtandao kupitia ofisi ya usajili wa wageni, ukiambatanisha barua ya daktari.

Hatua ya nne: chagua mlango

Ipo milango mitatu, na kila mmoja unatoa kitu tofauti. Tume ya walaji hutoa fidia. Baraza la madaktari la jimbo humwadhibu daktari kwa kukiuka maadili, hata kumwondoa kwenye daftari kwa muda, lakini halitoi fedha. Na Sheria ya Tume ya Taifa ya Tiba ya 2019, katika kifungu cha 30, inamtaja daktari pekee kama mwenye haki ya kukata rufaa, bila kumtaja mgonjwa, jambo ambalo wagonjwa wa India wamelilalamikia kwa haki kabisa. Hata hivyo matokeo ya baraza yakiwa upande wako ni ushahidi wa nguvu mbele ya tume, kwa hiyo milango hii miwili inaweza kubishwa kwa pamoja.

Mlango wa tatu ni polisi. Chini ya kifungu cha 106 cha kanuni mpya ya adhabu, Bharatiya Nyaya Sanhita, iliyoanza tarehe 1 Julai 2024, daktari aliyesababisha kifo kwa uzembe wakati wa matibabu anaweza kufungwa hadi miaka miwili, ilhali mtu mwingine hufungwa hadi miaka mitano. Uamuzi wa Jacob Mathew unataka uzembe wa jinai uwe mkubwa mno, na polisi wapate kwanza maoni ya daktari huru, ikiwezekana wa hospitali ya serikali. Kwa mtu aliyeko mbali, na ambaye hitaji lake ni gharama za kurekebisha madhara, mlango huu mara nyingi humla nguvu bila faida.

Hatua ya tano: toa notisi, na usisaini karatasi ya "tumemalizana"

Sheria ya 2019 haikulazimishi kutoa notisi, lakini ni desturi, na tume hupenda kuona ulijaribu. Wakili huandika barua yenye mambo ya msingi, madai na muda wa kujibu, kwa kawaida siku 15 au 30. Majibu ya hospitali ni ya thamani kubwa, kwa sababu yanaonyesha mapema hoja watakayoisimamia, na wakiibadilisha baadaye tofauti hiyo itaonekana.

Wakati mwingine hospitali hujibu kwa ukarimu: wanakurudishia sehemu ya malipo, au wanakuahidi upasuaji wa marekebisho bila malipo, kwa sharti la kusaini karatasi kwamba huna dai lolote tena. Huenda ofa ni nzuri na inafaa kukubaliwa, ila isisainiwe wodini, wala na mgonjwa aliye kwenye dawa kali za maumivu. Kama fomu yako ya kulazwa ina kifungu kinachosema kwamba migogoro yote itaamuliwa na msuluhishi binafsi, kisikutishe. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika shauri la Emaar MGF dhidi ya Aftab Singh, ilithibitisha uamuzi kwamba kifungu cha namna hiyo hakimzuii mlaji kwenda kwenye tume.

Hatua ya sita: jua tume yako na ada yake

Wahindi huhesabu kwa laki, neno tulilolipokea kutoka kwao na ambalo hapa ni lilelile, 100,000. Na laki mia moja huziita krori, yaani milioni kumi. Hata mikato ya namba hufuata hesabu hiyo, ndiyo maana milioni tano kwenye bili huandikwa 50,00,000, na mgeni huweza kusoma vibaya.

Ngazi ya tume hupimwa kwa kiasi ulichoilipa hospitali, si kwa fidia unayodai. Kanuni za mwaka 2021 ziliweka mipaka hivi: malipo yasiyozidi laki 50 huenda Tume ya Wilaya, yanayozidi hapo hadi krori 2 huenda Tume ya Jimbo, na zaidi ya hapo Tume ya Taifa iliyoko Delhi. Aliyelipa laki 6 kwa upasuaji wa mgongo na sasa anadai krori 3 kwa kupooza ataanzia wilayani. Wapo walioona ni dhuluma, lakini mwezi Aprili 2025 Mahakama ya Juu ilisema utaratibu huo haukiuki katiba. Kwa maoni yangu mgonjwa wa kigeni hapotezi kitu: Tume ya Wilaya ina mamlaka ya kutoa fidia kubwa, na ada yake ni ndogo mno. Malipo yasiyozidi laki 5 hayatozwi ada yoyote; hadi laki 10 ni rupia 200; hadi laki 20 ni rupia 400; hadi laki 50 ni rupia 1,000.

Sheria inamruhusu mlalamikaji kufungua shauri mahali anapoishi, lakini hiyo ni kwa wanaoishi India. Wewe unayeishi Dar es Salaam utafungua katika wilaya ambako hospitali ipo au ambako tukio lilitokea.

Hatua ya saba: wakili na hati ya uwakala

Unaweza kujiwakilisha, na mfumo wa mtandao wa e-Jagriti, ulioanza tarehe 1 Januari 2025 kuchukua nafasi ya e-Daakhil, umeundwa ili malalamiko yafunguliwe bila kufika ofisini. Kwa uzembe wa kitabibu, hata hivyo, nashauri wakili wa mji huohuo. Kanuni za Baraza la Mawakili la India zinamkataza wakili kufunga ada yake na matokeo ya shauri, kwa hiyo anayekwambia hutalipa kitu ila asilimia 30 ya fidia anaanza kazi kwa kuvunja kanuni za taaluma yake. Patana ada kwa maandishi na ilipwe kwa hatua. Uwe makini katika kuchagua, maana tangu ule uamuzi wa Mei 2024 wakili akizembea huwezi kumpeleka kwenye tume ileile aliyokusaidia kumshtaki daktari.

Wakili atakutumia karatasi iitwayo vakalatnama, na Mswahili ataitambua "wakala" ndani yake, inayomruhusu kusimama badala yako. Kama kuna ndugu au rafiki India atakayesaini nyaraka nyingine, mpe hati ya uwakala. Ikiandikwa Tanzania au Kenya, isainiwe mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati, ipitie Wizara ya Mambo ya Nje, kisha Ubalozi wa India. Burundi na Rwanda zimo kwenye mkataba wa apostili (cheti kimoja cha kuthibitisha hati kinachotambuliwa na nchi wanachama), kama ilivyo India, hivyo huko apostili inatosha. Hati ikifika India ilipiwe ushuru wa stempu ndani ya miezi mitatu, la sivyo itakuja kukataliwa siku unayoihitaji.

Hatua ya nane: andika malalamiko

Malalamiko mazuri huwa na aya fupi zenye namba, kila aya na tukio moja, na kila tukio na kielelezo chake: tarehe 4 mgonjwa alilalamika ganzi mguuni, kielelezo cha 7, kumbukumbu ya muuguzi, ukurasa wa 31. Weka pia maelezo ya kwa nini tume hii ina mamlaka, kwa nini muda haujapita, na orodha ya unachodai, ikitenganisha gharama za matibabu ya kwanza, za matibabu ya marekebisho, kipato kilichopotea na maumivu. Yaambatane na kiapo. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aape.

Maoni ya daktari bingwa huru hayalazimiki katika kila shauri. Mwaka 2010, katika shauri la V. Kishan Rao, Mahakama ya Juu ilikataa kuyafanya sharti la kufungulia mlango. Lakini isipokuwa kosa lako ni la shashi tumboni, yatafute. Madaktari wa India husita kutoa ushahidi dhidi ya wenzao, kwa hiyo bingwa anayekutibu sasa nyumbani, aliyesoma jalada lote na kukupima, ni shahidi wa kufikiriwa kwa uzito. Aandike kwa kiapo, aeleze sifa zake, na aseme waziwazi ni hatua gani ilirukwa.

Hatua ya tisa: baada ya kufungua

Suala la kupokelewa kwa malalamiko linatakiwa liamuliwe ndani ya siku 21, na zikipita bila uamuzi yanahesabiwa yamepokelewa. Hospitali ikishapata nakala ina siku 30 za kujibu, na nyongeza isiyozidi siku 15. Jopo la majaji watano la Mahakama ya Juu lilisema mwezi Machi 2020 kwamba siku 45 ndizo mwisho na tume haina mamlaka ya kuongeza. Mwagize wakili wako azihesabu. Tume inaweza kupendekeza upatanishi ikiwa pande zote zimekubali. Unapohitajika kuhojiwa, omba kwa maandishi uhojiwe kwa video, kama kifungu cha 38 kinavyoruhusu.

Sheria inasema shauri liishe ndani ya miezi mitatu, au mitano kama kuna kitu cha kupimwa maabara. Usipange maisha yako kwa hesabu hiyo. Dkt. Kunal Saha, daktari mwenye asili ya India aishiye Marekani, alimpoteza mkewe mwaka 1998. Shauri lilitupwa na Tume ya Taifa mwaka 2006, likafufuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, na fidia ya karibu krori 6 pamoja na riba ikaamriwa Oktoba 2013. Yeye alikuwa daktari, alijua kusoma jalada, na bado ilikuwa miaka kumi na mitano.

Hatua ya kumi: hukumu, rufaa na kulipwa

Rufaa kutoka Tume ya Wilaya kwenda ya Jimbo hukatwa ndani ya siku 45; kutoka ya Jimbo kwenda ya Taifa, au kutoka ya Taifa kwenda Mahakama ya Juu pale shauri lilipoanzia huko, ni siku 30. Hospitali ikitaka kukata rufaa dhidi ya amri ya malipo lazima kwanza iweke asilimia 50 ya kiasi hicho, na wakili wako anaweza kuomba sehemu ya fedha hizo uachiwe rufaa ikiendelea. Ikiwa hakuna rufaa na hawalipi, kifungu cha 71 cha sheria ya walaji kinaruhusu amri itekelezwe kama hukumu ya mahakama ya madai, na kifungu cha 72 kinaweka kifungo cha kuanzia mwezi mmoja hadi miaka mitatu, au faini isiyopungua rupia 25,000 hadi laki moja, au vyote viwili. Maombi ya vifungu hivyo viwili yafunguliwe pamoja. Katika maombi hayo andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti na kwenye akaunti ya benki, na kama bili za hospitali ziliandikwa jina la ukoo mbele au kwa herufi pungufu, ambatanisha kiapo cha majina tangu siku ya kwanza.